Ulimi wa Mama Mina

Felismina Nhampossa alikuwa mtu wa kuja juu haraka, na hilo alilijua mwenyewe wala hakulionea haya. Baa yake iko mtaa wa Chalambe, pale Inhambane, hatua chache kutoka kwenye matope ya ghuba, na ina meza sita. Mtu akimuuliza kwa nini asiongeze ya saba, alijibiwa kwamba sufuria inatosha meza sita na mikono ni miwili. Orodha ya vyakula haina. Unakaa, unaletewa bia au tembo la mnazi lililogemwa asubuhi ile ile, kisha unangoja uone wanawake wameleta nini kutoka matopeni. Wakileta kaa, unakula kaa. Wakileta kombe, wale chaza wa matopeni, unakula kombe. Asiyetaka alielekezwa kwa kidole kwenye mabanda ya kuku wa kuchoma kule barabara kuu, na kidole cha Mama Mina, kama tulivyomwita wote, hakikuwa na adabu nyingi.

Lakini kaa na kombe utapata popote kwetu. Kilichowafanya watu wa Maxixe, ng'ambo ya ghuba, wapande kivuko Jumapili na nguo zao za kanisani, ni sirisiri. Ni majani madogo manene yanayoota pale bahari inapofika na kurudi, na Mama Mina aliyapika kwa karanga za kutwanga na tui zito, ndani yake kaa waliopasuliwa. Kazi yake iko hapa: jani lile limejaa chumvi ya bahari. Unalichemsha, unamwaga maji, unachemsha tena, unamwaga, na kila mara unaonja, maana jani la baada ya mvua si jani la kiangazi, na la chini karibu na maji si sawa na la juu. Ukiwahi kuacha, unawalisha watu chumvi. Ukichelewa, unawalisha nyasi. Pale pa kuachia, Mama Mina alipajua kwa ulimi wake kuliko mwanamke yeyote wa ghuba ile, na alikuwa amepajua kwa miaka thelathini.

Ujuzi huo ndio uliomlea mwanawe. Mumewe alikwenda migodini Afrika Kusini kama wanaume wengi wa kwetu, akarudi na redio, mablanketi mawili na kifua kibovu, akazikwa kabla ya mwaka kuisha. Ndugu wa mume wakaja na shauri lao kwamba mjane aolewe na shemeji. Felismina akawaambia sawa, shemeji aje, ila aanze kwa kujifunza kukuna nazi. Hakuja. Felismina akabeba sufuria yake mpaka gatini, akawauzia wasafiri wa kivuko chakula mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, kisha akanunua kiwanja, akaezeka bati, akapanga meza sita. Hakuna mwanamume aliyempa msumari hata mmoja, na akinywa kidogo alipenda kulisema jambo hilo kwa sauti.

Kipupwe cha mwaka jana mafua yalimlaza wiki mbili. Alipoinuka akamenya chenza, akatia mdomoni, akahisi maji baridi tu. Akalitupa akidhani bovu. Akamenya la pili, la tatu, la nne. Akaenda jikoni akachovya kidole kwenye chumvi, akakilamba, akasimama hapo hapo na kidole mdomoni kama mtoto. Muuguzi wa zahanati alimwambia hali hiyo huwapata watu, kwa wengine inapita, kwa wengine haipiti. Mama Mina akamwangalia kwa jicho kali na kumwonya kwamba neno hilo likisikika Chalambe, atajua limetoka kwa nani.

Basi akalificha. Alijikaza kisabuni, akapika kwa kumbukumbu. Kaa hawakumpa shida, maana kaa unamjua kwa rangi na kwa mlio wa gamba. Tui aliliona kwa macho likishika. Sirisiri ndiyo iliyomtoa jasho. Hapo hakuwa na la kufanya ila kuhesabu: anachemsha mara tatu, anamwaga mara tatu, anamwachia Mungu. Wiki za mwanzo Mungu alimsaidia. Halafu ukaja Oktoba, jua likakausha matope yakapasuka, na majani yakajaa chumvi kuliko miaka yote tunayoikumbuka.

Jumapili moja, meza zote zilikuwa zimejaa. Sahani zikatoka, watu wakainama kula. Kisha wakaanza kuagiza vinywaji. Waliagiza bia, wakaagiza tembo, wakaagiza tena kabla hawajamaliza, na mabibi wa kikundi cha kanisa, ambao soda moja huwatosha mchana kutwa, wakaomba maji mtungi mzima. Mwanawe Herminio, mtu mzima wa miaka arobaini aliyeachana na kazi ya hoteli kule Maputo akaja kusimamia vinywaji vya mama yake, alifurahi mno. Alisema hajawahi kuona Jumapili yenye heri namna ile. Sisi tuliokuwa mezani tulimwangalia tu tukanywa.

Maana ndivyo tulivyo watu wa Inhambane. Tumelelewa kwamba mtu aliyekupikia hatukanwi chakula chake, na tunajisifu kwa hilo nchi nzima. Tungekula mawe ya mwenyeji tukasema yameiva. Mtu mmoja tu mtaa mzima hana tabia hiyo, naye ni mzee Alfeu Guambe, fundi wa mashine za kivuko aliyestaafu. Kwa miaka ishirini alikuwa akikaa meza ya pembeni na kulalamika: leo kaa ni wembamba, leo tembo limechacha, kiti hiki kina mguu mfupi. Neno zuri halijapata kumtoka juu ya chakula cha mtu, si kwa mkewe marehemu, si kwa Mama Mina. Siku ile alisogeza sahani mbele akasema bila kuinua sauti, "Mama Mina, leo umetupikia bahari yenyewe."

Watu wakamsonya. Mama mmoja akamkanyaga mguu chini ya meza. Mama Mina akatoka nyuma ya ua wa makuti na mwiko mkononi, akamwambia mzee Guambe ainuke, aende, na asikanyage tena pale mpaka ajifunze kufunga mdomo. Mzee akavaa kofia yake akaondoka. Wengine wote wakaharakisha kusema chakula ni kizuri mno, kizuri kuliko wiki iliyopita, na wakazidi kumvika mwenye baa kilemba cha ukoka mpaka akarudi jikoni.

Kule jikoni alikuwepo Atalia, mwanamke anayemletea majani na kaa tangu wote wawili walipokuwa wasichana. Mama Mina akamchotea kijiko akamtaka aonje aseme kweli. Atalia akaonja. Akatazama chini, akasema, "Tamu, Mina." Halafu akauendea mtungi wa maji akanywa kata mbili bila kupumua. Mama Mina akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Kwa hiyo walijua wote, na wote walikuwa wamemdanganya usoni, na yule mmoja aliyemwambia kweli ndiye aliyemfukuza. Iliuma. Iliuma kuliko chenza, kuliko mafua yenyewe.

Herminio si mjinga. Alichukua siku mbili kuunganisha mambo, ya tatu akamkalisha mama yake. Aliongea kwa upole, na upole wenyewe ulimkata mama maini. Alisema anafahamu mpishi mzuri, kijana aliyefanya naye kazi hotelini. Wataweka friji kubwa, watauza kuku na chipsi, muziki kidogo, meza kumi na mbili. Vitu vya matopeni viachwe, vina usumbufu. Mama akae mbele, asalimie wageni, apumzike.

"Nipumzike, nimechoka wapi?"

"Mama, huonji kitu. Kila mtu anajua."

Ikawa imesemwa. Mama Mina hakupepesa macho. Akamwambia mwanawe kwamba Jumapili inayokuja atapika sirisiri kama kawaida, na ikirudi sahani moja tu yenye chakula, atamkabidhi mwiko mbele ya watu, na huyo mpishi wa hotelini aje hata Jumatatu. Zikirudi zote tupu, habari ya kuku isisikike tena ndani ya ua ule mpaka siku ya kumzika yeye. Herminio, ambaye moyoni alimpenda mama yake na kichwani aliiona biashara, akakubali.

Habari haikukaa. Kufikia Alhamisi mtaa mzima ulijua, na kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa umeshapanga. Atalia alikuja na ndoo ya kaa na uso umemng'aa, akaeleza kwamba amezungumza na mabibi wa kanisa, na watu wa kivuko, na jamaa wa Maxixe. Wamekubaliana. Iwe ina chumvi, isiwe na chumvi, watakula mpaka waisugue sahani. Wengine watabeba maji yao kwenye chupa. "Usiwe na wasiwasi, Mina. Mwiko ni wako."

Atalia alitarajia kukumbatiwa. Alichokiona ni Mama Mina akigeuka rangi. Alimwambia Atalia amwage kaa kwenye beseni na aende, na baada ya kubaki peke yake alipiga sufuria teke, sufuria tupu ya kuchemshia majani, ikabingirika mpaka uwanjani. Fikiria mwenyewe. Miaka thelathini watu walikuja kwake kwa sababu wanataka. Sasa watakuja kwa huruma, watameza chumvi kwa sababu yeye ni mjane, mzee, mgonjwa wa ulimi, na yeye ataitwa mshindi. Atakuwa na baa, ndiyo. Atapika humo mpaka afe, na kila Jumapili watu wazima watakaa pale wakimlia chakula kama wazazi wanaojifanya kunywa dawa ili mtoto anywe. Hapana. Alisema neno hilo kwa sauti, jikoni, hakuna mtu. Kama ni kushindwa, ashindwe kwa sahani iliyorudi. Huruma ya Chalambe waile wenyewe.

Jumamosi akajifunga kanga akaenda kwa mzee Guambe, nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga. Mzee alikuwa uani anafungua pampu ya maji ya jirani. Hakuinuka.

"Kesho uje kula," akasema Mama Mina.

"Ulinifukuza."

"Nilikufukuza, ndiyo. Sasa nakuita. Unataka nikuimbie?"

Mzee akapangusa kopo la skrubu, akauliza kama amesikia vizuri kwamba watu wanakuja na chupa za maji. Akajibiwa amesikia vizuri. Akasema upuuzi mtupu. Mama Mina akasema ndiyo maana yuko pale. Waliagana hivyo, bila mkono.

Jumapili ilipofika, baa ilijaa mapema. Watu walikaa hata juu ya kreti. Kila mmoja alikuwa na uso ule wa kwenda kumwona mgonjwa, wa tabasamu lililotangulizwa, na chupa zimejificha chini ya viti. Herminio alisimama mlangoni kwenye vinywaji, amekunja mikono. Mzee Guambe aliingia wa mwisho, akakuta meza yake ya pembeni imeachwa wazi, akakaa akatikisa kiti kuona kama mguu umetengenezwa. Haukutengenezwa.

Wote tulingoja sahani. Badala yake Mama Mina akatoka amebeba sufuria ya majani yaliyochemshwa, majani matupu, bila karanga, bila tui, mvuke ukimpiga usoni. Mteja kwetu haoni sufuria ya majani. Chakula kinapikwa nyuma ya ua na kinatoka kimekamilika, na mpishi anayeonyesha watu kazi yake kabla haijaisha ni kama ametoka nje bila nguo. Alipita katikati ya meza zote, akaitua mbele ya mzee Guambe, akampa kijiko. Kisha akatugeukia.

"Ulimi wangu umekufa tangu kipupwe," akasema. "Nyinyi mnajua, na mmekuja kunidanganya. Anayetaka kula kwa kunihurumia ainuke sasa hivi, mlango ni ule. Na hizo chupa, nikizikuta nitazivunja."

Hakuinuka mtu. Wengi tulitazama miguu yetu. Mzee Guambe alichota, akatia mdomoni, akatafuna taratibu, macho yake kwenye bati.

"Chumvi," akasema. "Rudisha."

Mama Mina akairudisha jikoni, akamwaga maji, akachemsha tena. Kina Atalia walikuwa wamefunika vinywa vyao. Sufuria ikatoka mara ya pili. Mzee akaonja, akatikisa kichwa. Ikarudi. Ilipotoka mara ya tatu saa nzima ilikuwa imepita, watoto wamelala mapajani, na Herminio akamsogelea mama yake akamnong'oneza kwamba watu wana njaa, wataondoka. Mama akamwambia anayetaka kuondoka kuku wapo barabarani. Nami nakuambia, hakuondoka hata mmoja. Kitu kilikuwa kimebadilika mle ndani. Watu walianza kuinua shingo waone majani, wakaanza kubishana, huyu akisema kwa jua hili ni mara tano, yule akisema sita, na kwa mara ya kwanza tangu habari ienee hakuna aliyekuwa anamwonea Mama Mina huruma. Walikuwa wanataka chakula chao.

Mara ya nne mzee alionja. Akaonja tena. Mama Mina alisimama juu yake na kitambaa mkononi.

"Hapo," akasema mzee Guambe. "Usiguse tena."

Kilichofuata kilikuwa kazi yake, hakuhitaji mtu. Karanga, tui, kaa, mwiko unazunguka, sauti ya sufuria tunaifahamu. Sahani zikatoka. Sitakueleza tulikulaje. Ilisikika milio ya magamba tu, na mtu mmoja wa Maxixe aliomba aongezwe akaambiwa hakuna. Herminio alikusanya sahani mwenyewe, moja moja, akiziinamisha kwenye mwanga. Ziliporudi zote akaziweka juu ya kaunta, hazina kitu.

Lakini hakuwa ameridhika, na alikuwa na haki. Akamuuliza mama yake mbele ya wote, "Kwa hiyo mpishi sasa ni mzee Guambe? Kila siku tumngoje yeye?"

"Mzee Guambe anaonja. Mpishi ni mimi," akasema Mama Mina. "Siku akifa nitatafuta mwingine mwenye mdomo mbaya. Hawakosekani."

Watu wakacheka, hata Herminio kicheko kikamtoka, akachukua kreti tupu akaenda nazo nje. Suala la kuku halikutajwa tena siku ile.

Ndipo Mama Mina akajipakulia. Alikuwa amejiwekea sahani yake, ugali, kaa mmoja na sirisiri iliyobaki chini ya sufuria. Miezi minne alikuwa anakula amesimama nyuma ya ua, haraka, kama mtu anayejaza gunia. Sasa akavuta kiti akakaa mezani kwa mzee Guambe, katikati ya watu, akamega ugali, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna. Tuliokuwa karibu tuliuona uso wake ukitafuta, ukitafuta, usipate kitu. Akameza. Akamega tena. Alikusudia kuimaliza ile sahani mbele yetu, na hakuna ambaye angethubutu kumzuia.

Tonge la tatu akalirudisha sahanini. Akaishika sahani kwa mikono miwili akamwambia mzee, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Niambie ikoje."

Mzee Guambe akavua kofia. Alikuwa ameshiba, lakini akanyoosha kidole akachovya kwenye sahani ya Mama Mina, akaonja polepole kama alivyoonja majani.

"Kaa ni mtamu," akasema. "Mnono, mafuta yake yameingia kwenye tui. Tui zito, halijakatika. Karanga umezikaanga kidogo kabla ya kutwanga, nazisikia." Akaonja tena. "Sirisiri imeacha chumvi kidogo sana, huku nyuma ya ulimi, baada ya kumeza. Pale pale ulipokuwa ukiiachia siku zote."

Kwa miaka ishirini mzee huyu hakuwahi kumpa neno zuri, na Mama Mina alijua mzee hawezi kusema uongo hata kwa kulipwa. Mama Mina akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye tui. Akamega ugali, akala, akaendelea kula mpaka sahani ikawa nyeupe.